Mmakonde yuko mstari wa ngapi kwenye Mwanzo 10?

#1 Mwalimu wa Masasi

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha historia sekondari moja huku Masasi. Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mada ya kuenea kwa Wabantu, nimechora mishale ubaoni kutoka Kameruni hadi Mto Ruvuma. Mtoto wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, Mwanzo sura ya 10 inasema mataifa yote yametoka kwa Shemu, Hamu na Yafethi, na watoto na wajukuu wametajwa kwa majina. Mmakonde yuko mstari wa ngapi?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu. Nikamwambia anipe wiki moja.

Nimeisoma sura ile mara nne. Nimehesabu majina: Yafethi ana 14, Hamu 30, Shemu 26, ukimwacha Nimrodi kando. Jumla 70, na Wayahudi wenyewe ndivyo wanavyohesabu tangu zamani. Kaskazini yanafika Yavani, yaani Wayunani. Mashariki Elamu. Kusini kabisa ni Kushi, Sheba na Ofiri. Chini ya hapo kimya. Hakuna Mmakonde, hakuna Mmwera, hakuna Mchina wala Mhindi Mwekundu.

Sasa nimwambie nini mtoto? Kwamba hatumo? Au tumo ndani ya jina la mtu mwingine? Naomba wenye elimu ya dini na wenye elimu ya historia mnisaidie, Jumatano nina kipindi.

#2 Kibanda cha Pweza

Naweka kiti hapa. Uzi huu utafika mbali.

#3 Mtumishi Ndanda

Amani kwenu. Mwalimu, jibu lipo wazi. Sisi ni wa Kushi mwana wa Hamu. Yeremia anauliza kama Mkushi anaweza kubadili ngozi yake, maana yake Kushi ni mtu mweusi. Kushi alizaa watoto, watoto wakazaa, wakashuka kusini. Kila jina halikuandikwa kwa sababu Biblia inamfuata Ibrahimu, haikuwa daftari la sensa. Paulo aliwaambia watu wa Athene kwamba Mungu alifanya kila taifa kutoka katika mmoja, Matendo 17:26. Mwambie mtoto: umo, kwa baba yako Kushi.

#4 Binti Mikindani

Mtumishi, nakuheshimu, ila hilo neno "sisi ni wa Hamu" lina kidonda kwangu na nitakisema.

Nikiwa darasa la sita alikuja mhubiri mgeni shuleni kwetu. Alituambia watoto sabini na kitu tuliokaa chini ya mkorosho kwamba Hamu aliuona uchi wa baba yake, akalaaniwa, na ndiyo maana weusi walikuwa watumwa. Nakumbuka rafiki yangu alianza kujikuna mkono, anauangalia. Nilirudi nyumbani nikamuuliza bibi, akaniambia lete Biblia tusome wote. Yeye hajui kusoma, mimi ndiye niliyesoma kwa sauti.

Mwanzo 9:25. Aliyelaaniwa ni Kanaani. Hamu hakulaaniwa, Kushi hakulaaniwa. Na sura ya 10 mstari wa 19 inaeleza Wakanaani walikaa wapi: Sidoni hadi Gaza, hadi upande wa Sodoma. Hakuna hata hatua moja ya Afrika hapo. Bibi aliniambia nirudie kusoma ule mstari mara tatu.

Wenye mashamba ya watumwa kule Marekani walilihubiri hilo kwa miaka mingi. Na hapa kwetu Mikindani, Lindi na Kilwa Kivinje ndiko watu wa Nyasa walikopakizwa majahazini. Kwa hiyo mtu akisema "uzao wa Hamu" mbele ya watoto, amalizie sentensi yote.

#5 Mwalimu wa Masasi

Binti Mikindani, ahsante sana. Hiyo ya Kanaani naiweka ubaoni Jumatano.

#6 Mtumishi Ndanda

Dada, pole kwa lile. Huyo mhubiri alikosea na mimi sikumaanisha laana. Laana ni ya Kanaani, nakubali kabisa. Nilisema nasaba tu.

#7 Kalamu ya Newala

Wakuu, kabla hatujagawana mababu tuangalie maandishi yenyewe. Fungueni mstari wa 13: Misri akazaa Waludi, na Waanami, na Walehabi. Someni tena. Mtu mmoja amezaa *wa-*. Unaweza kumzaa Mludi, huwezi kumzaa Waludi. Kiebrania nacho kina wingi hapo, majina yanaishia na -im. Na "Misri" yenyewe kwa Kiebrania ni Misraimu, neno lenye umbo la vitu viwili, na wengi wanaona ni Misri ya juu na Misri ya chini. Mstari wa 15 Kanaani anamzaa Sidoni, na Sidoni ni mji wa bandari, upo mpaka leo Lebanoni.

Mimi naona mwandishi alikuwa anachora ramani kwa lugha ya ukoo. Alikuwa hana penseli ya rangi kuonyesha nani jirani wa nani, nani alitawaliwa na nani, akasema "huyu mwana wa yule". Hata sisi tunasema Mtwara na Lindi ni ndugu, na hakuna aliyewazaa. (Lindi ndiye mkubwa, hilo halina mjadala.)

#8 Kibanda cha Pweza

Mkuu hapo kwenye mabano umechokoza Mtwara nzima.

#9 Jahazi la Lindi

Salaam. Mimi ni Mwislamu lakini mada inanihusu kuliko mnavyodhani.

Angalieni mstari wa 26, watoto wa Yoktani. Wa tatu anaitwa Hasarmawethi. Hilo ni Hadhramaut, Yemeni ya kusini, halijabadilika sana mpaka leo. Babu mzaa baba yangu alitoka huko na jahazi la kaskazi, akashukia Lindi, akauza kahawa na baadaye duka la nguo. Huku tuliitwa Washihiri. Wanasaba wa Kiarabu nao wanamtaja Qahtan baba wa Waarabu wa kusini, na wengi wanasema Qahtan ndiye huyo Yoktani.

Kwa hiyo kwenye sura ya mwalimu mimi nimo kwa jina. Lakini ngoja niwaambie kilichomo ndani ya sanduku nyumbani. Kuna karatasi ya nasaba, imekunjwa mpaka mikunjo imekuwa matundu. Fulani bin fulani bin fulani, inapanda mababa wengi mno. Bibi yangu ni Mmwera wa Rutamba. Ndiye aliyefungua duka babu alipougua, ndiye aliyetulea sisi sote. Kwenye karatasi ile hayumo. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyemo.

Kwa hiyo mtu anaweza kukosekana kwenye nasaba na akawa amelala chumba cha pili.

#10 Binti Mikindani

#9 umenigusa kaka. Sentensi ya mwisho nimeinakili.

#11 Mwana Kilwa

Jahazi, na sisi Kilwa ni hivyohivyo. Hadithi inayojulikana inasema ni Washirazi: baba na wanawe sita, majahazi saba, kila mmoja akashuka mji wake, mmoja akainunua Kilwa kwa nguo iliyozunguka kisiwa. Tazama namba ilivyokaa vizuri, saba! Na Yafethi naye wana saba. Sabini ya Mwanzo. Namba za namna hii ni za mtu anayetaka orodha ikamilike na ikumbukwe.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya vinasaba kutoka makaburi ya kale ya pwani, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Yalionyesha Waajemi kweli walikuja, wakaanza kuchanganyika na wenyeji karibu mwaka 1000. Lakini damu ile ya ng'ambo iliingia kwa baba, na upande wa mama karibu wote ni Waafrika. Tarihi iliandika akina baba, mifupa ikawataja akina mama. Halafu wapo wanaosema Washirazi ni uongo mtupu, na wapo wanaosema hakukuwa na Mwafrika pale. Wote wawili wamekosea.

#12 Kalamu ya Newala

Mwana Kilwa, nyongeza kidogo. Hiyo ya baba na wana sita ni tarihi ya Kiarabu. Mreno de Barros aliyeandika karne ya 16 ana maelezo mengine: Ali, yule aliyeinunua Kilwa, alikuwa mmoja wa ndugu saba, akadharauliwa na nduguze kwa sababu mama yake alikuwa mtumwa Mhabeshi, akaamua kuondoka. Yaani katika simulizi ile sababu yote ya Kilwa kuwepo ni mama.

#13 Mwana Kilwa

Nimekubali, Kalamu. Nilikuwa nimechukua moja tu.

#14 Mngoni Mpole

Hodi hodi watani. Wamakonde mnajitafuta kwenye Biblia kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Sisi Wangoni hatujitafuti. Tulivuka Zambezi mwaka 1835 na jua likapatwa siku hiyohiyo, tarehe tunayo.

#15 Kibanda cha Pweza

Na Masasi mlifika 1882 mkachoma misheni, tarehe hiyo nayo tunayo mtani.

#16 Mngoni Mpole

😂 Samahani kwa lile. Sasa niseme la maana.

Walioondoka kusini hawakuwa wengi. Njiani waliteka na kupokea watu wa kila lugha, na huku Songea wakaingia Wandendeuli, Wayao, Wamatengo na wengine. Mimi babu yangu wa nne alitekwa mtoto huko Yao, akapewa jina la ukoo wa aliyemteka, na leo ukiniuliza nitakutajia jina hilo kifua mbele. Damu ni nyingine, ukoo ni huu. Sidhani kama ni uongo. Ndivyo taifa linavyojengwa.

Nimeona jambo hilo kwenye Biblia pia. Kalebu anaitwa Mkenizi, Hesabu 32:12. Kenazi yuko kwenye uzao wa Esau, Mwanzo 36. Lakini ukifika 1 Nyakati 2, kuna Kalebu ndani ya kabila la Yuda, mwana wa Hezroni. Wapo wanaosema ni makalebu wawili. Mimi nasoma kama Mngoni: alitembea nao, akapigana nao, akawa wao.

#17 Mtumishi Ndanda

Mngoni, hao ni wawili, Kalebu mwana wa Yefune na Kalebu mwana wa Hezroni. Lakini sitakataa kwamba Israeli walipokea wageni. Ruthu Mmoabi yumo kwenye nasaba ya Bwana wetu, Mathayo 1, na Rahabu yumo.

Ninachokataa ni hili la Kalamu la kusema majina ni ramani tu. Yakobo alikuwa mtu, jina lake Israeli likawa taifa. Kwa nini Ashuru asiwe mtu? Koo zetu ngapi zinaitwa kwa jina la babu? Huwezi kusema babu hakuwepo kwa sababu kijiji kina jina lake.

#18 Kalamu ya Newala

Hoja nzuri Mtumishi, na sisemi hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu. Lakini nisaidie hili: Sheba. Mstari wa 7 ni mjukuu wa Kushi, uzao wa Hamu. Mstari wa 28 ni mwana wa Yoktani, uzao wa Shemu. Sura ya 25 mstari wa 3 ni mjukuu wa Ibrahimu kwa Ketura. Mara tatu, akina baba tofauti. Ukisema ni watu watatu wenye jina moja, sawa, inawezekana. Ukisema ni taifa moja la wafanyabiashara lililokuwa na watu pande zote mbili za Bahari ya Shamu na kila jirani akalidai ndugu, inawezekana pia.

Na lugha je? Kiebrania na Kikanaani ni karibu lugha moja, Isaya 19:18 anasema "lugha ya Kanaani". Lakini Kanaani amewekwa kwa Hamu pamoja na Misri, na Elamu ambaye lugha yake haina udugu na Kiebrania amewekwa kwa Shemu. Kwa hiyo orodha haikufuata lugha. Kanaani ilikuwa chini ya Misri muda mrefu, ndiyo sababu naona wamewekwa nyumba moja.

#19 Jahazi la Lindi

Au waliwekwa kwa adui ili wasiitwe ndugu. Mtu ukigombana naye unamtafutia ukoo mwingine.

#20 Liwale Bara

Nimechelewa, nilikuwa shamba. Hakuna aliyegusa Pelegi wa mstari wa 25? "Katika siku zake nchi iligawanyika." Mimi niliambiwa hapo ndipo mabara yalipoachana, Afrika na Amerika.

#21 Mwalimu wa Masasi

Liwale, hapo kama mwalimu lazima nikatae. Mabara yalianza kuachana zamani mno kuliko mtu yeyote. Ile mifupa ya Tendaguru hapo Lindi, waliyochimba Wajerumani 1909 hadi 1913 na mnyama wake mkubwa amesimama Berlin, ina miaka kama milioni 150, na Madagaska ilikuwa tayari inajitenga na Afrika. Wengi wanaelewa Pelegi kuwa ni kugawanyika kwa watu, wakati wa Babeli.

#22 Kalamu ya Newala

Wengine wanasema ni maji. Neno lile kwa Kiebrania linahusu pia mfereji, ndilo la Zaburi 1, "kandokando ya vijito vya maji". Yaani siku zake walianza kuigawa ardhi kwa mifereji.

#23 Liwale Bara

Ya maji naipenda. Ya mabara naiacha shingo upande.

#24 Mtumishi Ndanda

Mimi miaka milioni 150 naiweka pembeni, tusitoke kwenye mada.

#25 Binti Mikindani

Swali kwa Kalamu. Lile neno "Hamu" lilivyotumika kwingine umelisahau? Mwingereza Speke aliandika mwaka 1863 kwamba wafalme wa Maziwa Makuu ni wageni kutoka Uhabeshi, hawafanani na weusi wengine. Baadaye wakaitwa Wahamiti. Angalia ilivyogeuzwa: wakati wa utumwa Hamu ni mweusi aliyelaaniwa, wakati wa ukoloni Hamu ni karibu mzungu aliyeleta ufalme. Jina ni lilelile. Rwanda walifundishwa hivyo shuleni, nani mwenyeji nani mgeni, Wabelgiji wakaandika kabila kwenye vitambulisho, na 1994 tunaijua. Kwa hiyo mwalimu, hilo swali la mtoto si dogo.

#26 Mwalimu wa Masasi

Hapana, si dogo hata kidogo. Na hata hilo neno "Bantu" ninaloandika ubaoni nalo lilitungwa na mtu, Bleek, mwaka 1862, kutokana na lugha. Mmakonde anasema munu, Myao anasema mundu. Maji ni medi, ni mesi. Udugu wa lugha unaonekana kwa macho. Lakini mshale wangu nao ni wa ukoo wa maneno, haunionyeshi nani alimuoa nani.

#27 Kibanda cha Pweza

Naomba kuchangia la mtaani. Mimi ni Mmachinga. Kabila, si kazi. Sisi tupo Lindi tangu zamani, kijana wetu akaenda Dar kuuza nguo begani, leo mtu wa Mwanza anayeuza soksi anaitwa mmachinga na hajui Lindi ipo wapi. Miaka mia tano ijayo mtu akiandika "Machinga akazaa wauza soksi" watakubishia?

#28 Liwale Bara

Mimi nimesikia linatokana na Kiingereza, "marching guys", vijana wanaotembeatembea.

#29 Kibanda cha Pweza

Hiyo imetungwa mjini. Wamachinga tulikuwepo kabla ya soksi.

#30 Kalamu ya Newala

Pweza, umetema madini bila kujua. Kanaani alipatwa na hilohilo! Methali 31:24, mke mwema "huwapa wafanya biashara mishipi". Kwa Kiebrania pameandikwa *Mkanaani*. Wakanaani wa pwani walivuma kwa biashara mpaka jina la taifa likawa jina la kazi.

#31 Kibanda cha Pweza

Leo nalala na furaha. Mkanaani ni mmachinga.

#32 Mama Kitangari

Jamani wanangu, nimesoma yote. Mmakonde mnamtafuta kwa baba, ndiyo maana hamumpati. Sisi ukoo ni wa mama. Litawa unalipata kwa mama yako, na neno la nyumba ni la mjomba. Wayao na Wamwera hivyohivyo.

Nilichoambiwa mimi nikiwa mdogo: mtu wa kwanza alikuwa peke yake porini, haogi, hanyoi. Akachonga mti umbo la mwanamke, akausimamisha. Usiku ukapita, asubuhi ni mtu hai. Wakaenda mtoni, wakazaa, mtoto akafa. Wakahama, wakazaa tena, akafa. Wakapanda juu uwandani kwenye kichaka kikavu, akaishi wa tatu. Tukaambiwa msikae bondeni kwenye maji mengi. Nimeteka maji kwa kushuka mteremko na kupanda na ndoo kichwani, kwa hiyo najua tuliilipia amri hiyo.

#33 Kalamu ya Newala

Shikamoo mama. Mjerumani Karl Weule alipita Newala mwaka 1906 akaiandika simulizi hiyo karibu kama ulivyoisema.

#34 Mama Kitangari

Marahaba. Sisi hatukuhitaji Mjerumani, ila vizuri aliandika.

#35 Mwana Makua

Na sisi Wamakua tunasema watu walitoka Mlima Namuli huko Msumbiji. Wayao nao wana kilima chao. Kila mtu ana Ararati yake.

#36 Mtumishi Ndanda

Mama Kitangari shikamoo. Nimefikiri juu ya la mama, nikafungua Mwanzo 46. Yakobo anashuka Misri na watu wake, na hesabu imepangwa kwa akina mama: wa Lea 33, wa Zilpa 16, wa Raheli 14, wa Bilha 7. Jumlisheni: 70. Ni ileile sabini ya mataifa. Nimehubiri sura hiyo mara nyingi, sikuwahi kuona kwamba vichwa vya orodha ni wanawake, na wawili kati yao ni wajakazi.

Bado naamini Kushi ndiye baba yetu, lakini hili nimelipokea.

#37 Jahazi la Lindi

Mtumishi ahsante. Kwetu Suratul Hujurat aya ya 13 imeanza na mwanamume na mwanamke, kisha mataifa na makabila, ili mjuane. Nikirudi Lindi nitaandika jina la bibi kwenye ile karatasi, pembeni, kwa kalamu ya wino. Wajomba wakigomba wagombe.

#38 Mwalimu wa Masasi

Wakuu, Jumatano imepita. Niliandika ubaoni majina 70, nikaweka Sheba mara mbili kwa chaki nyekundu, nikaandika Kanaani na mpaka wake kutoka Sidoni hadi Gaza. Sikumpa yule mtoto namba ya mstari. Niliwapa kazi: kila mmoja aende nyumbani amuulize bibi ataje mama, na mama wa mama, hadi pale atakapokwama.

Leo amerudi na karatasi ya daftari. Bibi yake ametaja wanawake sita wakiwa na majina ya watu. Wa saba akataja jina ambalo mtoto analijua vizuri: ni jina la kisima kilichopo chini ya mteremko wa kijiji chao. Akamuuliza bibi, "Huyu ni mtu au ni kisima?" Bibi akamjibu kwamba tunateka kwake.

#39 Mama Kitangari

Muulize kisima hicho kipo upande gani, wa Mahuta au wa Kitangari. Kama ni wa Kitangari huyo mtoto ni wetu.

#40 Mngoni Mpole

Ameshapata mistari miwili huyo.